Mnyoo Mdogo, Mwanga na Makasi ya Jeni

Wakulima wa vikundi vyetu wakisikia neno minyoo hukumbuka mara moja nyanya zilizodumaa na mizizi yenye vinundu. Mnyoo tunaouzungumzia leo ni jamaa ya hiyo, lakini haudhuru mmea. Huitwa Caenorhabditis elegans. Una urefu wa milimita 1 hivi, hula bakteria kwenye vitu vinavyooza, na mwili wake ni angavu kama kioo. Mwaka 1998 ulikuwa mnyama wa kwanza kusomwa orodha ya jeni zake, nazo ni kama 20,000.

Binadamu naye ana karibu idadi hiyo hiyo. Mtashangaa, nasi tulishangaa. Tofauti basi iko wapi? Sehemu ya jibu ni makasi.

Fikirini katibu wa kikundi. Kitabu cha mikutano hakitoki ofisini, kwa hivyo hunakili ukurasa mzima kwenye karatasi. Halafu anakata yasiyohitajika na kuunganisha yaliyobaki kwa gundi. Karatasi ya benki itabaki na mambo ya pesa. Ile ya chifu itabaki na mambo ya mradi. Kitabu ni kimoja, barua ni mbili. Ndivyo seli inavyofanya: hunakili jeni, hukata nakala, huiunganisha, kisha hutengeneza protini kwa kufuata kilichobaki.

Katika mnyoo huu kuna jeni iitwayo egl-15. Ikikatwa namna moja, mnyoo hupata protini ambayo bila hiyo hauishi. Ikikatwa namna ya pili, hupatikana protini inayoongoza seli za misuli ya kutagia mayai zifike mahali pake. Mwaka 2006 watafiti wa Japani walipanga kila namna ionyeshe rangi yake, kijani au nyekundu. Kwa kuwa mnyoo ni angavu, waliona ukiwa hai ni sehemu gani ya mwili imekata vipi.

Kuona ni jambo moja, kuamrisha ni jambo lingine. Dawa ukiitia katika chakula huenea mwili mzima, na kuiondoa si kazi rahisi. Mwanga huwashwa na kuzimwa, tena waweza kumulika sehemu moja tu. Mwaka 2005 mnyoo huu ulitiwa protini ya mwani inayohisi mwanga, na misuli yake ikajikunja ulipomulikwa kwa mwanga wa buluu. Mwaka 2022 watafiti wa China walieleza protini inayoshika nakala ya jeni ikipata mwanga wa buluu. Kwa hiyo waliweza kuelekeza ukataji katika seli zilizokuzwa maabara. Kwa mnyoo kuna shida ndogo: wenyewe huukimbia mwanga wa buluu. Basi ni lazima kumulika pia minyoo isiyotiwa protini hiyo, kulinganisha, la sivyo utadhani umefaulu kumbe umeutisha tu.

Kwa nini tunasumbuka na haya? Kuna watoto wanaozaliwa na ugonjwa wa kulegea misuli unaotokana na uti wa mgongo. Walio na aina kali, bila matibabu, wengi hawakufikisha miaka 2. Wana jeni ya akiba, lakini makasi huruka kipande kimoja muhimu. Dawa ya nusinersen, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016, huziba mahali fulani kwenye nakala ili kipande hicho kisirukwe. Haitumii mwanga, huchomwa sindano mgongoni, na bei yake ni ya kutisha. Lakini imeonyesha kwamba ukataji mbaya waweza kurekebishwa, na mnyoo ni mahali rahisi pa kujifunzia ukataji huo.

Jambo moja tu kwa waweka hazina. Akija mtu na taa ya buluu akisema inatengeneza jeni, msifungue sanduku la kikundi. Seli ambayo haikutiwa ile protini haitakata nakala zake kwa amri ya taa, hata mkimulika usiku kucha.