Uchumi au Biashara? Mzazi, Keti na Mwanao Kwanza

Wiki iliyopita, baada ya swala ya Ijumaa, mzee mmoja mwenye duka la vitambaa alinishika mkono barazani. Mwanawe amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa EGM, na muda wa kuomba vyuo unakaribia kwisha. Baba ataka kijana asome biashara, apate kurithi duka. Kijana ataka uchumi. Ilikuwa siku ya tatu hawasemezani.

Ndugu wasomaji, elimu hizi mbili hudhaniwa kuwa moja, ilhali zatofautiana. Mwanafunzi wa biashara hufundishwa namna ya kuendesha shughuli: kuandaa hesabu, kutafuta masoko, kusimamia mtaji na wafanyakazi. Mwanafunzi wa uchumi hutafuta sababu: kwa nini bei hupanda, na mzigo wa kodi humwangukia nani. Ibn Khaldun, katika Muqaddimah aliyoiandika mwaka 1377, alikwishaeleza kwamba kodi zikizidi, watu huvunjika moyo wa kuzalisha, na mapato ya dola hupungua. Huo ndio uchumi.

Basi na yapimwe mambo matatu. Kwanza, hisabati: shahada ya uchumi imejaa hisabati na takwimu, asiyezipenda atataabika. Pili, kazi: atakaye uhasibu, shahada ya biashara yenye mkazo wa uhasibu humsogeza karibu na mitihani ya NBAA, atakaye utafiti au mipango ya maendeleo, uchumi humfaa zaidi. Tatu, masomo ya baadaye: mwenye shahada ya uchumi aweza kuongeza uzamili wa biashara, aliyeanza na biashara, akitaka uzamili wa uchumi, mara nyingi hukwamishwa na upungufu wa hisabati.

Nilimwuliza mzee: “Dukani waweza kumfundisha nini?”

“Kila kitu.”

“Basi ya dukani anaye mwalimu. Chuo na kimfundishe usiyoyajua wewe.”

Akanyamaza, kisha akasema kwa sauti ya chini: “Na nikifa, duka litabaki na nani?”

Hapo nikatambua kwamba ugomvi haukuwa wa shahada. Sikuwa na jibu. Nilimwomba tu swali hilo alipeleke nyumbani, amwulize kijana kwa upole kama alivyoniuliza mimi, kabla siku ya tatu haijapita.