Betri ya Sola: Isikufe Kabla Hujamaliza Kulipa

Jua la Isiolo ni la bure. Betri ndiyo inauzwa, na wengi wetu tunailipia mdogo mdogo kwa simu. Sasa fikiria betri imekufa mwezi wa nne, na bado una malipo ya miezi minane. Inauma, si ndio? Kabla hujaweka PIN, tupige hesabu pamoja.

Anza na matumizi yako

Tuchukue mfano wa nyumba yenye duka dogo kule Kulamawe. Taa nne za wati 5 kwa saa tano ni wati-saa 100. TV ya wati 30 kwa saa nne ni 120. Simu, weka 30. Jumla ni 250 kwa siku. Ukitaka akiba ya siku mbili za mawingu, tafuta 500.

Betri gani?

Betri ya gari imeundwa kuwasha injini: nguvu nyingi, sekunde chache. Ukiitumia usiku kucha kila siku, itachoka haraka. Betri ya sola ya asidi, volti 12 na ampea-saa 100, hubeba wati-saa 1,200, lakini usimalize zaidi ya nusu. Ya lithiamu (LiFePO4) ya ampea-saa 50 hubeba kama 640, na unaweza kutumia asilimia 80. Kwa hivyo zote mbili zinatosha nyumba yetu. Lithiamu ni ghali, ila hudumu zaidi. Usiangalie bei pekee; igawe kwa miaka utakayoitumia.

Kuchaji

Paneli ya wati 100 kwa saa tano za jua kali hukupa wati-saa 350 hivi, ukitoa zinazopotea njiani. Lazima kuwe na kontrola, na fundi aiseti kulingana na aina ya betri. Betri ya asidi iliyopumzika ikisoma volti 12.1, imebaki nusu: zima TV. Usiiache siku nyingi bila kujaa. Joto pia huiua mapema, kwa hivyo iweke kivulini penye hewa. Chumba cha kulala hapana, kwa sababu ikichajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka.

Kabla ya kulipa

Muulize muuzaji swali moja: waranti inaisha kabla ya malipo ama baada? Akuandikie jibu. Kisha weka risiti pamoja na ule ujumbe wa malipo. Siku betri ikileta shida, huo ndio ushahidi wako.