Miezi ya Kati: Utangulizi kwa Wanaoanza Kusoma Afya ya Mjamzito

Mjamzito akishavuka wiki ya 13, kwa kawaida hupata nafuu. Kichefuchefu kinapungua, hamu ya chakula inarudi, ule uchovu wa mwanzo unamwachia, na tumbo bado halijawa zito kiasi cha kumnyima usingizi. Nafuu hiyo huendelea hadi wiki ya 27 hivi, na mama anayo haki ya kuifurahia. Lakini wewe unayeingia katika fani hii, uwe mwanafunzi wa ukunga, muuguzi wa zahanati, au mtu anayetaka kumwelewa mkewe au dada yake, nakuomba ushike jambo moja tangu mwanzo: matatizo mengi makubwa ya ujauzito hujijenga katika miezi hii, na mengi kati yake hayamuumi mama hata kidogo. Kazi yetu ni kutafuta kisichouma kwa mtu anayejisikia mzima. Ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana, na ni kazi nzuri. Karibu.

Tuanze na damu. Katika ujauzito maji ya damu huongezeka kwa karibu nusu ya kiasi alichokuwa nacho mama. Chembe nyekundu nazo huongezeka, ila kwa robo tu hivi, kwa hiyo damu inakuwa nyepesi. Ndiyo maana kipimo cha wingi wa damu husomwa tofauti katika miezi ya kati: mwanzoni na mwishoni mwa ujauzito tunahesabu upungufu chini ya gramu 11 kwa desilita, katikati tunahesabu chini ya 10.5. Asiyelijua hili atamtia hofu mama mzima. Anayelijua nusunusu atamrudisha nyumbani mgonjwa, akidhani ni wepesi wa kawaida wa damu.

Katika historia ya fani yetu napenda sana kumtaja Lucy Wills, daktari wa Kiingereza aliyekwenda Bombay, India, mwaka 1928. Aliwakuta wajawazito, wakiwemo wafanyakazi wa viwanda vya nguo, wamedhoofika kwa upungufu mkali wa damu ambao hakuna aliyejua chanzo chake. Alichunguza vijidudu, akachunguza chakula, na mwaka 1931 akaandika kwamba dondoo ya hamira inayouzwa madukani kwa jina la Marmite iliwaponya. Kiini kilichokuwamo ndani yake ndicho baadaye kilichoitwa asidi ya foliki. Leo mjamzito anapewa mikrogramu 400 za asidi hiyo kila siku, pamoja na miligramu 30 hadi 60 za madini ya chuma, mara nyingi ndani ya kidonge kimoja. Mwambie mapema kwamba choo kitakuwa cheusi na tumbo huenda likasumbua kidogo, kwa sababu wengi huacha vidonge kwa kukosa mtu wa kuwaambia hivyo. Mwambie asivimeze na chai, wala asinywe chai papo hapo na chakula, kwani chai huzuia chuma kisifyonzwe. Chungwa au embe baada ya maharage na mchicha husaidia. Na umuulize kwa upole kama anakula udongo. Ukimcheka atakuficha, na anayekula udongo mara nyingi ndiye mwenye upungufu wa damu.

Katika ukanda wetu wa Afrika Mashariki, sura inayostahili kusomwa mara mbili ni ya malaria. Mwanamke aliyekulia Muheza, mkoani Tanga, au kandokando ya Ziwa Victoria ameumwa malaria tangu utotoni, na mwili wake umejifunza kupambana nayo. Akishika mimba ya kwanza, mwilini mwake kinaota kiungo ambacho hakikuwahi kuwamo: kondo la nyuma. Mwaka 1996, watafiti Michal Fried na Patrick Duffy walionyesha kwamba chembe za damu zenye vimelea vya malaria vilivyotoka kwenye kondo hujishikiza kwenye aina ya sukari iliyomo humo, inayoitwa kondroitini salfeti A, na kwamba vimelea hivyo vina tabia yao tofauti na vile vya damu ya kawaida. Kinga aliyoijenga mama miaka yote haivitambui. Basi anaweza kulima, kuchota maji na kuuza sokoni bila homa, kipimo cha kidoleni kisionyeshe kitu, huku kondo limejaa vimelea na mtoto anapungukiwa na chakula. Mimba zinazofuata huwa na ulinzi zaidi kwa sababu mwili umeshajifunza. Kwa hiyo msichana wa mimba ya kwanza, ambaye kila mtu nyumbani anamwona ana nguvu, ndiye wa kuangaliwa kwanza.

Dawa tunayotumia kumkinga mjamzito na malaria ni SP, yaani sulfadoksini na pirimethamini. Malawi ilikuwa nchi ya kwanza kuifanya sera ya taifa, mwaka 1993, na sasa Shirika la Afya Duniani linataka ianze katika miezi ya kati, kuanzia wiki ya 13, na irudiwe kwa kuachanisha mwezi mmoja au zaidi hadi mama apate dozi zisizopungua tatu. Katika kliniki ya wajawazito utakuta jagi la maji na vikombe juu ya meza. Muuguzi anahesabu vidonge vitatu vyeupe kwenye kiganja cha mama, anamwangalia akimeza vyote hapo hapo, kisha anaandika tarehe kwenye kadi. Mara nyingi mama atasema, "Sijala, nesi." Asirudishwe nyumbani kwa sababu hiyo, SP humezwa hata tumbo likiwa tupu. Asiyepaswa kupewa SP ni mama anayetumia kotrimoksazoli kwa sababu ya VVU, maana dawa hizo mbili ni za jamii moja. Chandarua chenye dawa kinabaki palepale kitandani, dozi ziwe ngapi.

Shinikizo la damu nalo lina ujanja wake. Mishipa ya mama hulegea, na shinikizo hushuka hadi chini kabisa katikati ya ujauzito. Mwanamke aliyekuwa na presha kabla ya mimba anaweza kupimwa wiki ya 22 akaonekana sawa, akaandikiwa sawa, kisha wiki ya 34 anaanguka kwa kifafa cha mimba nasi tunashangaa. Dalili za ugonjwa huo kwa kawaida huonekana baada ya wiki ya 20: presha inayofika 140/90 au kupita, na protini kwenye mkojo. Aliyewahi kuupata, mwenye kisukari, presha au ugonjwa wa figo, na mwenye mapacha, hufaidika na aspirini ya miligramu 75 kila siku, lakini iandikwe na mtaalamu na ianze kabla ya wiki ya 20. Ukichelewa, nafasi hiyo imepita.

Mengine nitayapita haraka kwa kuwa yana sura zake: kipimo cha sukari kati ya wiki ya 24 na 28, dawa ya minyoo, chanjo ya pepopunda, kutembea kila siku. Ila dalili za hatari zikae kichwani mwa kila mtu wa nyumbani kwa mjamzito, hasa mume na mama mkwe: damu au maji kutoka ukeni, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, homa, na mtoto aliyekuwa akicheza kuacha kucheza. Hapo hakuna kungoja siku ya kliniki.

Mama wa mimba ya kwanza huanza kusikia mtoto akicheza wiki ya 18 hadi 20, aliyewahi kuzaa husikia mapema zaidi. Karibu na wiki hiyo ya 20 kilele cha mfuko wa uzazi hufika kitovuni, na kuanzia wiki ya 24 urefu wake kwa sentimita hukaribiana na idadi ya wiki. Utepe wa kupimia ni wa bei ndogo sana, na mkono wa mkunga mzoefu ni hazina. Kipimo cha picha, yaani ultrasaundi, kinatakiwa angalau mara moja kabla ya wiki ya 24, hasa kwa kujua umri wa mimba. Hata hivyo, kwa maoni yangu, mama aliyepimwa kwa utepe kila hudhurio na mkunga yuleyule yuko salama kuliko aliyepigwa picha moja nzuri kisha hakuna aliyemfuatilia.

Na mahudhurio hayo ya kliniki yaanze lini? Ratiba ya Uingereza ya mwaka 1929 iliweka hudhurio la kwanza wiki ya 16. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio manane, la kwanza ndani ya wiki 12, kisha wiki ya 20 na ya 26. Kwetu wengi bado huanza katika miezi ya kati. Wapo wanaoficha mimba changa kwa kuogopa macho ya watu, wapo wasio na nauli, na wapo walioambiwa kituoni waje na mume wakati mume yuko mbali au hataki. Usimkaripie aliyechelewa. Ukimkaripia hatarudi wiki ya 26.

Maswali yapo mengi yanayokungoja. Vimelea vya Afrika Mashariki vimekuwa sugu kwa SP. Utafiti mkubwa wa Kenya, Malawi na Tanzania, uliochapishwa mwaka 2023, uliilinganisha na dawa mchanganyiko ya dihidroatemisinini na piperakwini. Waliopewa dawa hiyo waliugua malaria mara chache zaidi, lakini watoto wao hawakuzaliwa na hali bora kuliko wa akina mama wa SP. Basi SP inamfanyia nini mtoto zaidi ya kuua vimelea? Je, inapunguza maambukizi mengine ya mama? Jibu linatafutwa katika kliniki hizihizi utakazofanyia kazi.