Tarakilishi moja, mifumo miwili: Tenga data kwanza

KIJANA anayejifunza kuunda programu mjini Migori au Homa Bay aghalabu humiliki tarakilishi moja tu. Hutamani kujaribu toleo jipya la mfumo endeshi, ilhali mashine hiyo hiyo ndiyo iliyobeba kazi yake ya kila siku.

Suala hili lina uzito zaidi katika kaunti hizo, ambazo zimekuwa miongoni mwa zile zenye viwango vya juu vya maambukizi ya virusi vya Ukimwi nchini. Huko, vituo vingi vya afya huweka rekodi za wagonjwa katika KenyaEMR, programu iliyojengwa juu ya OpenMRS na ambayo kwa kawaida huendeshwa kwenye Linux ya Ubuntu. Anayeihudumia programu kama hiyo hana budi kujua mapema iwapo itafanya kazi katika toleo lijalo.

Ubuntu hutoa toleo la muda mrefu kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Aprili, na kulipa masasisho ya usalama kwa miaka 5. Lile la 2024, kwa mfano, litahudumiwa hadi 2029. Matoleo ya katikati huhudumiwa kwa miezi 9 pekee. Kabla ya kutolewa rasmi, kila toleo hupitia kipindi cha majaribio, na katika kipindi hicho hitilafu ni jambo la kawaida.

Je, matoleo mawili yatakaaje pamoja? Kwanza, nakili data zote kwenye diski ya nje. Pili, igawe diski kuu ili toleo thabiti liwe na sehemu yake, na lile la majaribio sehemu yake. Mashine inapowashwa, programu iitwayo GRUB huonyesha orodha ya mifumo, nawe huchagua mmoja. Mifumo hiyo haiendeshwi kwa wakati mmoja.

Hatari kubwa imo katika kushiriki data. OpenMRS hutumia hifadhidata ya MySQL. Data za MySQL 5.7 zikishafunguliwa na toleo la 8.0, hubadilishwa muundo, na toleo la zamani haliwezi kuzisoma tena. Unaweza kurejea kwenye mfumo wa zamani, lakini data hazitarejea nawe. Kwa hivyo, lipe toleo la majaribio nakala, kamwe si data asilia.

Mwenye kumbukumbu ya kutosha katika mashine yake anaweza kuepuka kuigawa diski kwa kuendesha toleo jipya ndani ya tarakilishi pepe.

Ama mashine ya zahanati yenye rekodi za wagonjwa halisi, isiwekwe toleo la majaribio hata kidogo. Majaribio yafanyiwe kwingine, kwa rekodi za kubuni. Muuguzi asiyeweza kujua mgonjwa alipewa dawa gani mwezi uliopita hatafarijiwa na ubora wa toleo jipya.