Maua ya Himalaya yana funzo kwa wanywaji maji wa Taveta

Kuanzia mwezi Machi, misitu ya milima ya Nepal huvaa wekundu. Mti unaochanua hivyo huitwa laligurans kwa Kinepali, na ua lake ndilo ua la taifa hilo. Ni mmoja wa jamii ya rododendroni, yenye aina zaidi ya 1,000 duniani. Nyingi humea zenyewe porini katika safu za Himalaya, kusini magharibi mwa Uchina na milima ya kusini mashariki mwa Asia.

Kwa nini milimani? Sisi wa Pwani tunajua kwamba mkoko hauoti popote. Unataka matope na maji ya chumvi. Rododendroni nayo ina masharti yake: ubaridi, ukungu, mvua na udongo wenye asidi usiotuamisha maji. Mizizi yake ni myembamba na haiendi chini sana, hivyo udongo ukikauka mmea huumia haraka.

Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6. Ndiyo maana kila aina ina ngazi yake. Laligurans hustawi kati ya mita 1,500 na 3,000 hivi, ikiwa mti kamili. Juu zaidi utakuta vichaka, na karibu na theluji zipo aina fupi mno zinazotanda chini kama zulia, zikijikinga na upepo.

Hapo ndipo shida ilipo. Dunia ikizidi joto, mimea hulazimika kusogea juu kufuata ubaridi. Lakini mlima huwa mwembamba kadiri unavyopanda, na kilele kina mwisho wake. Watafiti nchini India wamegundua kwamba laligurans siku hizi huchanua mapema kuliko zamani. Mti ukiwahi hivyo, huenda ukakosana na wadudu na ndege wanaobeba chavua yake. Kisha kuna shoka: vijijini watu hupikia kuni, na mti huu hukatwa kwa kuni na makaa.

Afrika haina rododendroni ya asili, lakini ina ndugu zake. Erika, mimea yenye vijani vidogo kama sindano, ni ya familia hiyo hiyo, na humea juu ya msitu kwenye Kilimanjaro na Mlima Kenya. Mingine hukua ikawa miti. Matawi yake hunasa ukungu, matone yakadondoka na kuzama ardhini.

Kwetu hilo si jambo la mbali. Chemchemi za Taveta, Ziwa Chala na mto Lumi unaoingia Ziwa Jipe vyote hupata maji kutoka Kilimanjaro. Tangu miaka ya 1970 moto umeteketeza sehemu kubwa ya msitu wa erika mlimani humo, na Oktoba 2020 moto mwingine mkubwa uliwaka kwa siku kadhaa. Watu wengi huzungumzia theluji inayoyeyuka, ilhali msitu ndio unaokusanya maji mengi zaidi.

Mlima huo uko Tanzania, na sisi tuko upande huu wa mpaka. Maji hayajui mpaka. Viongozi wa Taita Taveta wanapokaa kupanga miradi ya visima na mifereji, wazungumze pia na majirani kuhusu kuzuia moto mlimani. Mfereji bila chanzo ni shimo tu.