Mgonjwa msumbufu naye ni mgonjwa

Msomaji, bila shaka umewahi kumwona. Foleni ya hospitali ni ndefu, watu wametulia kwenye mabenchi, naye anafoka na kugonga mlango wa daktari akidai ahudumiwe kwanza. Wauguzi wanatazamana. "Huyo ni mlevi, mwacheni," mmoja anasema.

Je, kama si mlevi? Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari imepungua mno mwilini hutetemeka, hutokwa na jasho, na wakati mwingine huchanganyikiwa na kuzua ugomvi. Aliyeumia kichwa pia huweza kuwa mkali kupita kawaida yake. Ukali kama huo ni dalili, na anayeuchukulia kuwa utovu wa adabu huenda akampoteza mtu.

Hata daktari hodari huteleza hapo. Katika utafiti uliofanyiwa Rotterdam, Uholanzi, na kuchapishwa mwaka 2017, madaktari vijana walipewa visa vya wagonjwa vya kubuni. Ugonjwa ulikuwa ule ule. Kilichobadilishwa ni tabia ya mgonjwa. Alipokuwa msumbufu, walikosea zaidi kuutambua ugonjwa wake. Tabia yake waliikumbuka zaidi kuliko ya mgonjwa mtulivu, dalili zake pungufu.

Mwaka 1978 daktari mmoja wa Marekani, James Groves, aliandika waziwazi kwamba wapo wagonjwa wanaowatia madaktari chuki. Hakusema wafukuzwe. Alitaka daktari aitambue chuki hiyo moyoni mwake, kwani akijifanya haipo, itaharibu matibabu.

Hatusemi wahudumu wavumilie matusi na ngumi. Daktari anaweza kuita askari, kumwomba mwenzake ashike zamu, au kumweleza mgonjwa kwa upole mipaka yake. Asichoweza ni kumwacha. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 chasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Hakikuwatenga wasumbufu.

Nawe una wajibu. Ukimpeleka jamaa yako akiwa mkali, mweleze daktari mapema: kwa kawaida yeye ni mtu wa namna gani, ana ugonjwa gani, anameza dawa zipi, na alianza kubadilika lini. Maneno hayo machache huenda yakamwokoa.

Na hata ikiwa kweli amelewa, apimwe. Mlevi naye huanguka akaumia kichwa.