Ufundi wa Karakana (2): Koleti Ipi Ununue?

Wiki jana nilieleza namna ya kukagua mashine ya milingi iliyotumika kabla hujalipa. Tuseme sasa umeinunua, umeifikisha karakana yako hapa Kiembeni, Mombasa, umeisawazisha na umeme umeingia. Linalofuata ni swali ambalo mafundi wengi hulipitia mbiombio: kisu kitashikwa na nini?

Kinachokishika ni koleti, kipande cha chuma cha springi chenye umbo la pia na mipasuo inayokiwezesha kujifunga na kufunguka. Ukikaza nati, koleti husukumwa ndani ya tundu la kishikio, mipasuo hujibana, na shina la kisu hushikwa pande zote. Koleti ikiwa na kasoro, kisu huyumba hata kama mashine yenyewe imenyooka.

Kuyumba huko kuna hesabu yake. Chukua kisu cha milimita 6 chenye meno mawili, umekipangia kila jino likate milimita 0.03. Geji ya saa ikisoma tofauti ya 0.02 kati ya jino moja na jingine, jino la kwanza litakata 0.05 na la pili 0.01. Moja linabeba mzigo karibu wote, jingine linasugua chuma badala ya kukikata. Hapo ndipo kisu kipya cha kabaidi huvunjika asubuhi ya kwanza, na lawama ikaenda kwa aliyekiuza.

Koleti zilizoenea zaidi leo ni za aina ya ER, zilizotokana na kampuni ya Rego-Fix ya Uswisi mwaka 1973. Baadaye zikawekewa viwango, kwanza DIN 6499 ya Ujerumani na kisha ISO 15488, ndiyo maana unaweza kuchukua koleti ya kiwanda kimoja ukaitia katika kishikio cha kingine. ER16 hushika mashina hadi milimita 10, ER25 hadi 16, ER32 hadi 20. Kwa karakana ya kawaida inayotengeneza shafti za mashine za unga, bushi na vipuri vya boti, ningechagua ER32 na nisihangaike zaidi.

Madukani utaonyeshwa seti ya ER32 ya vipande 18, kuanzia 3 hadi 20. Inapendeza machoni, lakini visu vingi vya kipimo cha milimita huja na mashina ya 6, 8, 10, 12, 16 na 20. Pesa za vipande 18 hafifu zinunulie sita bora. Koleti za daraja la kawaida huandikiwa kuyumba kwa 0.010 au 0.015, za daraja la juu, 0.005. Daraja la juu linafaa zaidi kwa visu vyembamba vya kabaidi. Kwa kutoboa mashimo ya bolti ni fahari tu.

Nyingi za ER32 hujibana kwa milimita moja: ya 13 inashika kuanzia 12 hadi 13. Hilo linatufaa sisi tunaorithi mashine na visu vya Kiingereza, kwa sababu shina la nusu inchi, yaani 12.7, linaingia humo. Hata hivyo shina la 12 kamili litilie koleti ya 12. Kadiri unavyoibana koleti kuelekea mwisho wa uwezo wake, ndivyo inavyogusa shina kwa sehemu ndogo zaidi.

Dukani huna geji, kwa hiyo tumia macho. Mipasuo iwe na upana sawa, bila vinyuzi vya chuma kingoni. Uso wa nje uwe umesagwa laini, si mikwaruzo ya kisu cha leti. Kisha nunua moja tu. Nyumbani futa tundu la kishikio, shika pini iliyonyooka, weka geji ya saa na zungusha spindo kwa mkono. Rudia kupima huku ukiigeuza koleti robo mzunguko kila mara. Kasoro ikihama pamoja na koleti, koleti ndiyo mbovu. Ikibaki mahali pale pale, tafuta tatizo kwenye kishikio au spindo. Huna geji? Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko Tudor, ng'ambo tu ya daraja la Nyali. Muulize mwalimu wa karakana kama mwanafunzi mmoja anaweza kuja kukupimia; naye atajifunza.

Kosa ninaloliona kila karakana ni kutia koleti ndani ya kishikio kwanza, kisha nati. Koleti ya ER huingizwa kwenye nati kwanza, kwa kuilaza upande hadi inase kwenye pete, ndipo kisu kikafuata. Usipofanya hivyo, nati haitaivuta utakapofungua, na pete yake itaharibika. Shina nalo lijaze angalau theluthi mbili za urefu wa koleti, na usikaze kamwe koleti tupu.

Halafu kuna chumvi. Upepo wa bahari huku Bamburi haubishi hodi: koleti iliyoachwa mezani bila mafuta huota kutu, na doa dogo la kutu kwenye pia linatosha kuisogeza. Ifute, ipake mafuta mepesi, ifungie kwenye kisanduku chenye mfuniko.

Ukilazimika kuchagua kati ya mashine ghali yenye koleti za bure na mashine ya wastani yenye koleti sita na nati nzuri, chukua ya pili.